Funda la Maji Mbele ya Mkwe

Watu waliofaa kuingia na mama mkwe wangu ndani ya lile tangi la hewa walikuwa watatu, na mimi sikuwamo. Wa kwanza alikuwa mke wangu, lakini alikuwa na mimba kubwa, na mwenye mimba haruhusiwi kukaa kwenye hewa iliyogandamizwa. Wa pili alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekuja na mafua yasiyokwisha; walipompima wakasema masikio yake yameziba na akiingia atatoka analia. Wa tatu alikuwa kaka yao, aliyeko migodini kanda ya ziwa, ambaye kila akipigiwa simu alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, bila kusema mwezi gani. Nikabaki mimi, mkwe, mtu wa mwisho duniani anayestahili kufungiwa chumba kimoja na mama wa mke wake.

Na hata mila isingekuwepo, mimi si mtu wa kufungiwa. Kanisani nakaa karibu na mlango. Nikipanda basi la kwenda mbali nateremka kila linaposimama, hata kama linashusha gunia moja tu la vitunguu. Kazi yangu ni zabibu, huko Makutupora: napogoa, nafunga matawi kwenye nyaya, nanyunyiza dawa ya ukungu, kutwa nzima niko kwa miguu. Mke wangu husema hata usingizini miguu yangu inapalilia. Kwa hiyo daktari aliponitajia tangi la chuma lenye mlango wa boliti, na muda wa zaidi ya saa moja na nusu kila siku kwa wiki kadhaa, nilianza kutafuta mlango wa kutokea tukiwa bado ofisini kwake.

Mama mkwe anaishi kijijini, wilaya ya Chamwino. Ana kisukari cha miaka mingi, na anakichukulia kama jirani mkorofi, yaani anakisalimia tu na kupita. Sikio lake la kushoto lilianza kwa kuwasha. Wakamtia mafuta ya kondoo yaliyopashwa moto kidogo, maana kwetu hakuna sikio ambalo halijaonja mafuta ya kondoo. Wakamtia maji ya majani fulani, kisha matone kutoka duka la dawa. Usaha haukukoma. Maumivu yakaingia ndani zaidi, yakamnyima usingizi, na asubuhi moja akaamka mdomo umekwenda upande. Majirani wakasema ni upepo mbaya. Mke wangu akasema upepo gani, akamleta mjini siku hiyohiyo.

Daktari, mwanamke kijana mwenyeji wa pwani, alitueleza polepole. Ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye ngozi ya sikio ukaingia kwenye mfupa wa chini yake, mfupa ulio jirani na ubongo. Kisukari kilikuwa kimeharibu mishipa midogo, damu haifiki vizuri, na mahali pasipofika damu dawa nayo haifiki. Sindano za mshipani zingeendelea. Pamoja na sindano hizo, angelazwa ndani ya tangi, hewa igandamizwe, avute oksijeni tupu kwa barakoa, ili damu ibebe hewa nyingi zaidi na kuisukuma hadi kwenye ule mfupa uliokuwa unaoza. Hakutuahidi kitu. Alisema tangi ni msaidizi wa dawa tu. Alisema pia kwamba tukichelewa, ugonjwa utapanda kichwani na hatutakuwa na la kuzungumza. Kuhusu kusikia kwa sikio lile, alituomba tusiliweke kwenye maombi ya mwanzo.

Tangi lao lilikuwa dogo, la kitanda kimoja na kiti kimoja. Mhudumu wao wa kuingia na wagonjwa hakujua Kigogo hata neno, na mama mkwe Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kununua na kuuza. Alisema haingii humo na mtu ambaye hawezi kumwambia kwamba anakufa. Hapo wote wakanigeukia.

Sasa niseme juu ya ukwe. Kwetu Wagogo, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake, naye mama hali mbele ya mkwe. Kupanua mdomo mbele ya mkwe ni kujivua nguo. Wakikutana njiani, mmoja hupisha kwenye majani. Kitu hakipokezwi mkono kwa mkono: unakiweka chini, unarudi nyuma, mwenzako anakuja kukichukua. Siku hizi wengi wameliacha jambo hilo. Mchungaji wetu hula meza moja na mama mkwe wake, wanagombania hadi paja la kuku. Nami nilijihesabu katika kundi hilo la watu wa kisasa, kwa sababu sikuwahi kulazimika kujaribu. Kumbe ustaarabu wangu wote ulikuwa wa mdomoni.

Siku ya kwanza walitupima kifua, masikio na shinikizo la damu. Wakatuvua kila kitu: mkanda, saa, simu, kiberiti. Wakatuvalisha nguo za pamba. Mafuta yoyote mwilini ni mwiko, maana palipo na oksijeni nyingi cheche moja inatosha. Mke wangu alimwogesha mama yake kwa sabuni mara mbili kuondoa mafuta, na mama akatoka bafuni ngozi imepauka, akakataa kupita ukumbini mpaka afunikwe khanga kuanzia kichwani. Nilisimama nimegeukia ukuta. Mguu wangu mmoja ulikuwa unacheza wenyewe.

Fundi wa tangi, mwanamume mnene anayeimba chini chini akifanya kazi, alitupa maelekezo. Hewa ikianza kugandamizwa, masikio yatabanwa, kama unaposhuka mteremko mrefu ndani ya gari. Dawa yake ni kumeza mate, kupiga miayo, kunywa maji funda moja moja. Usipofanya hivyo, ngoma ya sikio inaumia. Mke wangu akatafsiri yote kwa Kigogo, na mama akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo kosa lilipotendeka, na hakuna aliyeliona: tulikuwa tumemwagiza mwanamke wa Kigogo wa umri ule apanue mdomo mbele ya mkwe wake, na yeye kwa adabu hakutuuliza kama tuna akili.

Mke wangu alitundika khanga katikati ya tangi, kati ya kitanda na kiti changu, na sote tukaona tumepata suluhisho. Mlango ukafungwa. Hewa ikaanza kuingia kwa mlio mkubwa na joto likapanda. Masikio yangu yakabanwa. Nikapiga miayo kuelekea ukutani. Kipaza sauti kikauliza kama mama yuko sawa. Nikamuuliza kwa Kigogo, akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni mzima. Nikajibu kwamba ni mzima. Chini ya khanga nilikuwa naiona miguu yake, na vidole vilikuwa vimejikunja kama vinang'ang'ania kitu. Nikajiambia anasikia baridi, na mimi mwenyewe jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni.

Alipogumia ilikuwa sauti ndogo tu, ya mtu anayejizuia. Nikapiga kelele, fundi akaanza kushusha hewa, na dakika za kushuka zilinichosha kuliko siku nzima ya kupogoa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Sikuinua khanga. Hadi leo sijui kama ni heshima au ni woga ulionizuia.

Daktari alipochungulia, akakuta damu imevilia nyuma ya ngoma ya sikio la kulia. Lile zima. Tulimpeleka mama akatibiwe sikio moja, tukarudi naye na mawili. Daktari aliuliza kwa nini hakumeza mate. Nilisema aliogopa. Nilishindwa kumweleza mtoto wa pwani habari za ukwe nikiwa nimevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Akasema apumzike siku chache, kisha tujaribu mara moja tu. Ikishindikana tena, njia iliyobaki ni kumtoboa ngoma za masikio na kuweka vijibomba, na yeye hakutaka kidonda kipya kwenye kichwa chenye ugonjwa ule na sukari ile. Ama tuache tangi, tubaki na sindano na Mungu.

Mke wangu ndiye aliyeupata ukweli. Alimuuliza mama yake jioni ile, na mama akamjibu kwa mshangao wa kweli: angenywaje maji na mkwe wake yupo? Mke wangu akamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mama akasema yeye hakuficha maradhi, mdomo wake uliokwenda upande kila mtu ameuona. Alichoficha ni adabu yake, na hiyo ni mali yake. Mke wangu akatoka nje akalia, tumbo lile mbele, na mimi nikazunguka nyumba mpaka mbwa akachoka kunifuata.

Nikampigia simu kaka yao. Akasema mwisho wa mwezi. Nikamwambia mfupa hausubiri mshahara, akakata simu. Kesho yake nilikwenda shambani kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani, na nikapogoa mstari mzima vibaya, nikikata matawi ya kuzaa na kuacha yale makavu. Nilipogundua, nilikaa chini kwenye mchanga, jambo nisilolifanya kamwe mchana. Nilikuwa na hasira na mama mkwe. Nilimheshimu pia, na hivyo viwili havikutaka kukaa pamoja kifuani mwangu. Kulikuwa na mwanamke aliye tayari kufa kuliko kunikosea heshima, na mimi ndiye niliyekuwa sistahili heshima hiyo, maana mwenzake nilikuwa naitii mila kwa kukosa tu ujasiri wa kuivunja.

Nikamwambia mke wangu kwamba safari hii hakuna khanga ya kutundika. Lazima nimwone akimeza. Alimfikishia mama yake ujumbe, na mama akanyamaza. Kwetu kunyamaza si kukubali.

Siku ilipofika, alilala akiwa ameelekea ukuta wa tangi, amejifunika kichwa. Nilikuwa na chupa mbili za maji. Mlango ulipofungwa na mlio ulipoanza, nilimwambia ageuke anitazame. Hakugeuka. Nikamwambia kwamba mimi nakunywa, mbele yake, na aibu yote ni yangu, yeye hana kosa. Natamani niseme kilichofuata kilikuwa ushujaa. Kilikuwa papara. Nilipiga funda kubwa kama ng'ombe mwenye kiu, joto likiwa linapanda, masikio yakiwa yamebana, na maji yakaenda njia isiyo yake.

Nilipaliwa. Si kikohozi cha mchezo, pumzi ilikatika. Nikasimama, nikagonga kichwa kwenye dari la chuma, nikashika mlango ambao nilijua haufunguki. Maji yalinitoka puani. Nakumbuka niliwaza kwamba ningekufa humo na mke wangu angeelezwa kwamba mkwe aliuawa na maji ya chupa.

Kisha kiganja kikanipiga katikati ya mabega. Kikapiga tena, kwa nguvu ya mtu aliyetwanga uwele maisha yake yote.

"Polepole, we mtoto," akasema. "Nani anakukimbiza?"

Pumzi ikarudi. Kipaza sauti kilikuwa kinauliza kuna nini humo, washushe hewa au vipi, na hakuna aliyekijibu. Mkono wake ulikuwa bado mgongoni kwangu. Akauona, akauondoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Khanga ilikuwa imeanguka mabegani. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake tukatazamana usoni, mimi na macho mekundu na kamasi, yeye na mdomo wake uliovutwa upande na jicho moja lisilofumba vizuri. Alikuwa amefanana na mke wangu kuliko nilivyowahi kudhani. Nikaona haya mpaka nikataka kuingia chini ya kitanda.

Halafu akashusha pumzi, ya mtu aliyeona chungu kimeshavunjika.

"Basi, imeshaharibika," akasema. "Nipe hayo maji."

Nikainama kuiweka chupa sakafuni, nirudi nyuma aje aichukue. Akanyoosha mkono. "Lete hapa."

Akanywa. Nusu ya maji ilipita upande wa mdomo uliokufa ikatiririka kidevuni mpaka kifuani. Akajifuta kwa ncha ya khanga, kisha akanitupia jicho kuona kama nitageuza uso. Nilitaka kugeuza, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mila, ilikuwa kwa huruma. Sikugeuza. Akapiga funda la pili, nikaliona koo likipanda na kushuka, na nyusi zake zikainuka.

"Limefunguka," akasema, akigusa sikio la kulia.

Nikamwambia fundi aendelee kupandisha.

Wiki zilizofuata sikuzizoea, na sitadanganya. Kila mlango ulipofungwa moyo wangu ulitaka kutoka nje bila mimi. Nilihesabu boliti, nilisoma maandishi yote ya onyo, mguu wangu ulicheza mpaka fundi akaniambia kwa kipaza sauti kwamba natikisa kitanda cha mgonjwa. Mama naye alikuwa amejifunza kupiga miayo, na alipiga miayo mikubwa, ya kulipiza kisasi, huku ananitazama. Mara nyingine aliondoa barakoa katika zile dakika chache za kupumzishwa oksijeni akaniuliza habari za zabibu. Nilimwambia mstari niliouharibu. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema huo mstari utanilisha majani.

Siku moja aliongea bila kuulizwa. Alisema kufa hakumsumbui sana, lakini mtoto aliye tumboni mwa binti yake ndiye anayemsumbua. Angependa amsikie akilia. Alisema hivyo akitazama dari, akarudisha barakoa usoni. Nadhani hata mguu wangu uliacha kucheza.

Maumivu yakaanza kupungua. Usaha ukakauka. Mdomo ukarudi kidogo, ukabaki na upindo mdogo unaomfanya aonekane kama anayezuia kicheko. Daktari alilinganisha picha mpya na za zamani, akasema mfupa umetulia, sindano zitaisha na vidonge vitaendelea, na tumrudishe kila baada ya muda. Sikio la kulia lilikuwa limepona. La kushoto, alisema, ni nyumba iliyonusurika moto: kuta zipo, lakini hajui ndani kumebaki nini. Tungoje.

Siku ya mwisho mlango ulipofunguliwa, mama alivuta khanga kichwani, akageukia ukuta, akangoja nipite kwanza. Hakuniaga. Nilisimama pale kama mjinga, nikisubiri neno, hata moja. Niliumia, nasema wazi. Mke wangu aliyaona yote na njiani akaniuliza nilitaka niagwe vipi. "Mmetoka kwenye tangi, si mmetoka?" akasema. Sikuzungumza naye mpaka tulipofika nyumbani.

Mke wangu akaenda Chamwino kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Habari zikanifikia kwa simu kwamba ni wa kiume, mwenye sauti kama ya mnadani. Kuhusu sikio la kushoto la mama, mke wangu alisema ukimsemesha upande ule anageuza kichwa kukupa lingine. Nikaelewa, na nikajilazimisha kushukuru kwa kile tulichopata. Nilimaliza kunyunyiza dawa shambani na kuondoka asubuhi iliyofuata.

Nilifika jua likiwa limeshapanda. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, sikio la kushoto likielekea njia, macho yake mbele. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye bega lake la kulia, kinywa kimeelekea sikio lake zima, analia kwa nguvu zote alizopewa. Upepo ulikuwa unanipiga usoni, ukibeba vumbi na kelele kutoka kwao kuja kwangu. Nikasimama nje ya uzio wa miiba nikakohoa, kikohozi kidogo, cha mkwe anayebisha hodi. Nilikohoa kwa mazoea tu. Sikutegemea chochote.

Mama akaacha kumbembeleza mtoto. Kichwa chake hakikugeuka, kilitulia, kikisikiliza. Kisha akainuka, akampa mke wangu mtoto mlangoni, akajifunika khanga, akachukua kigoda chake na kuzunguka nyuma ya nyumba kwa hatua za haraka, kama mwanamke yeyote mwenye adabu ambaye mkwe wake amefika.

Mke wangu alibaki na mtoto mikononi, ananitazama mimi, anatazama kona aliyopitia mama yake. Akaweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya uzio na machozi yalikuwa yananitoka bila kificho.

"Unalia nini?" akaniuliza. "Ingia umwone mwanao."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Mama amenikimbia."